Jina lina mlinzi, mkulima hana mnunuzi

*Mvinyo wa Porto umelindwa na sheria tangu mwaka 1756. Leo waliobeba jina hilo mabegani, wakulima wadogo wa bonde la Douro nchini Ureno, wanauliza ulinzi huo ni wa nani.*

Ni Septemba, msimu wa mavuno, kwenye mteremko mkali juu ya mji wa Pinhão, kaskazini mwa Ureno. Wavunaji wanashuka ngazi za mawe wamebeba ndoo za zabibu nyeusi. Mizabibu yote ni ya mkulima mmoja, ilipandwa kwa wakati mmoja na inapigwa na jua lilelile. Lakini zikifika kwenye mizani, zabibu hizo zinakuwa mali mbili tofauti.

Sehemu ya kwanza ina kibali cha kutengenezewa mvinyo wa Porto, ule mzito na mtamu uliofanya bonde hili lijulikane duniani. Hiyo inanunuliwa kwa bei nzuri. Sehemu ya pili haina kibali. Itakwenda kwenye mvinyo wa kawaida wa mezani kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza, na katika misimu ya karibuni wapo wakulima walioambiwa kwamba haihitajiki kabisa.

Kinachozitenganisha ni karatasi. Kila mwaka taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto, IVDP, hutangaza kiasi cha juisi ya zabibu kinachoruhusiwa kugeuzwa Porto, kisha kila shamba hupewa fungu lake. Wenyeji huuita mgao huo *benefício*.

Mgao unapungua. Mwaka 2022 ulikuwa mapipa 116,000. Mwaka 2023 ukashuka hadi 104,000, mwaka 2024 hadi 90,000, na mwaka 2025 hadi 75,000. Pipa moja la Douro ni lita 550. Kwa hiyo ndani ya mavuno manne, zaidi ya lita milioni 22 za juisi zimeondolewa kwenye soko lenye bei na kusukumwa kwenye soko lisilo nayo.

Mzabibu uleule, mkulima yuleyule: nusu ya mavuno ina jina, nusu nyingine haina mnunuzi.

Katika bonde lenye wakulima wapatao 19,000, ambao wengi wao wana shamba lisilofika hekta mbili, hesabu hiyo inaamua nani atabaki na nani ataondoka.

Nguzo 335 za mawe

Ili kuelewa mgogoro huu, inabidi kurudi karne ya 18. Mwaka 1703 Uingereza na Ureno zilitia saini Mkataba wa Methuen, ulioupunguzia ushuru mvinyo wa Ureno kuliko ule wa Ufaransa. Waingereza, waliokuwa na uhasama na Wafaransa, wakahamia kwenye chupa za Ureno. Wafanyabiashara wao wakajenga makazi katika mji wa Porto, mahali Mto Douro unapoingia baharini, na mvinyo ukachukua jina la bandari hiyo.

Biashara ilipopamba moto, ulaghai nao ukaingia. Mvinyo hafifu kutoka mikoa mingine ulichanganywa na ule wa Douro. Wengine walitia sukari na viungo, na wengine matunda madogo meusi ya mti uitwao sabugueiro ili rangi ikolee. Wanywaji wa London wakashtuka, bei ikaporomoka, na kilio cha wakulima kikafika Lisbon.

Aliyekuwa madarakani alikuwa Sebastião José de Carvalho e Melo, waziri mwenye nguvu anayejulikana zaidi katika historia kama Marquês de Pombal. Mnamo Septemba 10, 1756, serikali yake iliunda Kampuni Kuu ya Kilimo cha Mizabibu ya Douro ya Juu. Kampuni hiyo ilipewa mamlaka ya kupanga bei, kuonja mvinyo na kuamua upi uuzwe nje.

Hatua iliyofuata ndiyo inayokumbukwa zaidi. Kati ya mwaka 1757 na 1761, nguzo 335 za mawe ya matale zilisimikwa vilimani kuonyesha ardhi inayoruhusiwa kutoa mvinyo bora wa kuuzwa Uingereza. Nyingi zilichongwa neno FEITORIA pamoja na mwaka, na baadhi zimesimama hadi leo katikati ya mizabibu. Miti ya sabugueiro ikaamriwa ing'olewe.

Eneo la Chianti nchini Italia lilikuwa limewekewa mipaka tangu mwaka 1716. Tofauti ya Douro ni kwamba mpaka uliambatana na usimamizi wa kila siku: daftari, waonjaji, bei na adhabu. Mfumo wa majina ya asili yanayolindwa, ambao leo Umoja wa Ulaya unautumia kwa mvinyo, jibini na mafuta ya zeituni, una mzizi mmoja katika vilima hivi.

Lakini tangu siku ya kwanza sheria hiyo ilikuwa na waliofaidika na walioumia. Februari 1757 watu wa mji wa Porto waliandamana kupinga Kampuni iliyokuwa imehodhi biashara ya mvinyo katika vilabu vyao. Serikali ilijibu kwa mkono wa chuma, na watu kadhaa wakanyongwa. Mkulima aliyekuwa ndani ya nguzo alipata bei, wa nje ya nguzo alibaki na mvinyo wa kunywewa nyumbani, na mwenye kilabu alinyang'anywa riziki.

Ndani ya birika la mawe

Porto ni mvinyo unaokatishwa safari. Zabibu zikishavunwa, humiminwa kwenye birika pana la mawe liitwalo *lagar*. Siku hizi mashine hufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini baadhi ya mashamba bado yanakanyaga zabibu kwa miguu, hasa kwa mvinyo wa daraja la juu.

Usiku wa kukanyaga una utaratibu wake. Watu huingia birikani wakiwa wamevaa kaptula, hujipanga safu wameshikana mabega, na kutembea polepole hatua kwa hatua huku kiongozi akiita mdundo. Juisi hufika magotini. Mwanzoni ni baridi na maganda yanateleza. Baadaye hupata joto kadiri uchachu unavyoanza. Baada ya saa mbili hivi safu huvunjwa, muziki huanza na kila mtu hukanyaga apendavyo. Mguu wa mtu hupasua ganda na kutoa rangi bila kuvunja kokwa yenye uchungu.

Baada ya siku mbili au tatu, karibu nusu ya sukari ikiwa imekwisha kugeuka kilevi, juisi huchanganywa na spiriti ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Uchachu hukoma papo hapo. Utamu uliosalia hubaki, na kilevi hupanda hadi asilimia 19 au zaidi. Katika kila pipa la Porto, takriban sehemu moja kati ya tano ni spiriti hiyo. Msomaji akumbuke: spiriti hiyo ni kiini kimoja cha ugomvi wa sasa.

Kisha mvinyo hupelekwa kuzeeka, kwa desturi katika maghala ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka Porto. Zamani ulisafirishwa kwa mashua za tanga ziitwazo *rabelo* zilizopambana na maporomoko ya mto. Kuanzia mwaka 1926 sheria ililazimisha Porto yote inayouzwa nje ipitie maghala ya Gaia. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1986, na kwa miaka hiyo sitini lilikuwa limeweka ufunguo wa soko mikononi mwa kampuni zenye maghala pwani.

Shamba linavyopewa alama

Mgao wa Porto haugawiwi sawa kwa sawa. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa kilimo Álvaro Moreira da Fonseca alibuni njia ya kulipatia kila shamba alama. Alitazama mambo 12, yakiwemo mwinuko kutoka usawa wa bahari, ukali wa mteremko, aina ya udongo, shamba linaelekea upande gani, limekingwa vipi na upepo, mizabibu ni ya aina gani na ina umri gani.

Jumla ya alama huliweka shamba kwenye daraja, kuanzia A hadi F kwa yale yanayostahili kutoa Porto. Daraja la A hupata lita nyingi zaidi kwa hekta, F hupata chache. Mteremko mkali wa mwamba wa shisti unaoangalia kusini huzawadiwa, na shamba la tambarare lenye rutuba hukatwa alama, kwa kuwa mzabibu unaoshiba sana hutoa zabibu nyingi zisizo na nguvu.

Ni kazi ya kitaalamu inayostahili heshima. Lakini ndani yake mna jambo gumu: mashamba yenye alama nyingi ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Matuta yake yameshikiliwa na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na mvua kubwa ikibomoa ukuta, ni mikono ya mafundi wachache waliobaki itakayoujenga upya. Trekta haipiti. Kila kichala hukatwa kwa mkono.

Mteremko unaotoa mvinyo bora ndio unaomfilisi mkulima wake haraka zaidi.

Bonde hili limewahi kupata pigo kubwa kuliko huku kupungua kwa mgao. Katika miaka ya 1860 liliingiliwa na filoksera, mdudu afyonzaye mizizi ya mzabibu, aliyetoka Amerika Kaskazini. Mizabibu ilikauka kilima baada ya kilima, hadi wakulima walipojifunza kupandikiza vikonyo vyao kwenye mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo. Matuta yaliyoachwa wakati ule, ambayo wenyeji huyaita *mortórios*, bado yanaonekana yakiwa yamemezwa na vichaka.

Hoja za wakulima

Mkulima wa Douro hapingi jina lilindwe. Analalamika kwamba analipa gharama za heshima ya jina bila kupata fungu lake. Haruhusiwi kupanda aina yoyote aipendayo, wala kuvuna zaidi ya kipimo, wala kuleta zabibu kutoka nje ya mpaka. Anatii yote hayo, kisha mwisho wa msimu anaambiwa mgao umepungua tena.

Kwa familia nyingi, fedha ya Porto ndiyo iliyokuwa ikibeba shamba zima. Tangu mwaka 1982 mvinyo wa mezani wa bonde hili nao una jina lake linalolindwa, Douro, na chupa zake bora zinasifiwa kote. Lakini mkulima anayeuza zabibu bila kuwa na kiwanda hafikiwi na sifa hiyo. Vyama vyao vinasema bei ya zabibu zisizo na mgao iko chini ya gharama ya kuzilima.

Mwaka 2024 na 2025 wakulima waliandamana mjini Peso da Régua, makao ya IVDP. Miongoni mwa madai yao, moja linarudiwa kila mahali: spiriti inayotiwa kwenye Porto itokane na zabibu za Douro zenyewe. Kwa sasa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje ya bonde, hususan Uhispania na Ufaransa, kwa kuwa ni nafuu. Wakulima wanauliza inakuwaje zabibu zao zioze huku sehemu kubwa ya kilevi kilichomo ikitoka kwingine, na chupa bado inaandikwa Porto.

Wanalalamikia pia sauti yao. Casa do Douro, chombo cha wakulima kilichoundwa mwaka 1932, kilizama kwenye madeni na mwaka 2014 kikavuliwa hadhi ya taasisi ya umma. Bunge la Ureno lilikirudishia hadhi hiyo mwaka 2024. Kwa miaka kumi hiyo, mezani palikuwa na kampuni kubwa zenye wanasheria upande mmoja, na upande wa pili wakulima waliogawanyika.

Hoja za kampuni

Wafanyabiashara wa Gaia nao wana hoja, na si za kupuuzwa. Dunia inakunywa Porto kidogo kuliko zamani. Vijana wa Ulaya hawanywi mvinyo mtamu wenye kilevi kikali kama walivyokunywa babu zao. Ukizalisha mapipa yasiyo na wanywaji, wanasema, hutamwokoa mkulima. Utaangusha bei ya kila mtu, pamoja na yake.

Kisha kuna mzigo wa akiba. Kwa mujibu wa kanuni iitwayo sheria ya theluthi, kampuni haiwezi kuuza kwa mwaka zaidi ya theluthi moja ya mvinyo ilio nao ghalani. Porto aina ya tawny huzeeka miaka 10, 20, 30 hata 40. Kila pipa lililolala ni fedha iliyolala, na kampuni inayonunua zabibu leo inabashiri soko la mwaka 2045.

Kuhusu spiriti, kampuni zinasema ile ya Douro ingepandisha gharama ya kila chupa na kufukuza hata wanunuzi waliosalia. Baadhi ya wafanyabiashara wamekwenda mbali zaidi na kutaka mgao wenyewe ufutwe, soko liamue zabibu zipi ziwe Porto na zipi ziwe mvinyo wa mezani kwa bei moja.

Serikali imechukua njia ya katikati. Mwaka 2025 ilitangaza ruzuku kwa zabibu zitakazopelekwa kukenekwa spiriti. Ni nafuu kwa msimu mmoja au miwili. Haibadilishi hesabu ya mkulima ambaye mwakani atapogoa, atapiga dawa na kuvuna bila kujua mgao wake utakuwa kiasi gani.

Mlinzi hodari ugenini

Wakati mkulima anahangaika nyumbani, jina lake linatetewa ughaibuni kwa ukali wa ajabu. Waafrika tunalijua hilo. Wakulima wa Afrika Kusini walikuwa wametengeneza mvinyo wao na kuuita Port kwa miaka mingi. Umoja wa Ulaya ulipojadili makubaliano ya biashara na nchi hiyo mwaka 1999, majina Port na Sherry yakawa miongoni mwa vikwazo vikubwa. Afrika Kusini ilikubali kuyaacha kwa awamu, na leo chupa zake huandikwa Cape Ruby, Cape Tawny au Cape Vintage.

Marekani ilikuwa na msuli zaidi. Katika makubaliano ya mwaka 2006, wazalishaji wake waliokwisha kutumia jina hilo waliruhusiwa kuendelea nalo ndani ya nchi yao.

IVDP ilifika hata Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikipinga whisky ya kisiwa cha Islay, Scotland, iitwayo Port Charlotte. Mwaka 2017 mahakama iliikatalia, ikisema mnywaji wa kawaida ataelewa jina hilo kuwa la mahali penye bandari, wala halitamkumbusha mvinyo wa Ureno.

Nguvu hiyo ya kisheria ni halali. Jina lisilolindwa huibwa, na karne ya 18 ilionyesha anayeumia kwanza ni mkulima mwaminifu. Lakini taasisi inayoweza kumfuata mtengeneza whisky hadi kisiwa cha Islay inapaswa kuweza pia kumhakikishia mkulima wa Pinhão bei inayofidia jasho lake.

Kipimo cha rooibos

Afrika Kusini hiyohiyo iliyoacha jina Port ilipata jina jingine. Mwaka 2021 rooibos, majani mekundu ya chai yanayoota katika milima ya Cederberg, yalisajiliwa katika daftari la Ulaya la majina ya asili yanayolindwa. Miaka miwili kabla ya hapo sekta hiyo ilikuwa imekubali kulipa asilimia 1.5 ya bei ya shambani kwa jamii za Khoi na San, ambazo maarifa yao ndiyo yaliyoutambulisha mmea huo kwa dunia.

Asilimia hiyo ni ndogo, na mjadala juu yake unaendelea. Hata hivyo ina jambo ambalo mfumo wa Douro haujalipata katika zaidi ya miaka 260: fedha inayofuata jina hadi kwa wenye asili yake, iliyoandikwa kwenye makubaliano, isiyosubiri hisani ya mnunuzi.

Sheria inayolinda jina bila kulinda bei imemlinda mwenye ghala, imemwacha mwenye jembe.

Kilicho hatarini

Mwaka 2001 UNESCO iliiingiza Douro ya Juu katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa kuwa mandhari yake ni kazi ya mikono ya watu kwa karne nyingi. Watalii hupanda meli kuyaangalia matuta hayo. Lakini matuta hayajitunzi yenyewe. Vijana wa vijiji vya bondeni wamehamia Porto, Lisbon, Ufaransa na Uswisi, na waliobaki wanazeeka. Mkulima akiacha shamba, baada ya misimu michache ukuta huanza kubomoka na kichaka hushuka kutoka kileleni.

Hapo ndipo hoja ya kampuni, pamoja na uzito wake wote, inapoishiwa nguvu. Ni kweli soko limepungua. Si kweli kwamba hasara ya soko lazima ibebwe yote na mtu wa chini kabisa. Mgao ulipokatwa kwa zaidi ya theluthi tangu mwaka 2022, mzalishaji mwenye kiwanda na chapa alikuwa na njia nyingine za kupumua: utalii, mvinyo wa mezani, akiba ya miaka ya nyuma. Mwenye hekta moja na nusu hakuwa na hata moja.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kuvunja mfumo. Spiriti ya Douro inaweza kuingizwa kwa awamu, ikianza na sehemu ya kila pipa, ili kampuni zipate muda wa kurekebisha bei. Mgao unaweza kutangazwa kwa miaka mitatu mbele badala ya mmoja, mkulima ajue kama apande au ang'oe. Mikataba ya maandishi yenye bei isiyoshuka chini ya gharama ya kilimo inaweza kuwa sharti la kutumia jina, kama vile aina za zabibu na mipaka ya ardhi zilivyo masharti leo. Na Casa do Douro iliyorudishwa ipewe uwezo wa kweli mezani, isiwe muhuri tu.

Nchi zetu za Afrika nazo zimeanza kutafuta ulinzi wa aina hii kwa kahawa, karafuu, asali na chai zake, na Douro ndiyo shule kongwe tunayoweza kujifunzia. Funzo lake la kwanza, la mwaka 1756, ni kwamba jina bila mpaka huibwa. La pili linaandikwa sasa: mpaka, daftari na alama za shamba havitoshi. Anayetunga sheria ya jina na aandike ndani yake, siku ileile, fungu la mkulima ni kiasi gani na nani atawajibika asipolipwa.